Chiriku Anapozidiwa

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana ya viatu. Palikuwa na meza fupi, kiti kimoja cha mteja, na rafu ya mbao iliyojaa viatu vinavyosubiri wenyewe. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye mikono mipana na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Ukimpelekea kiatu kilichoachama, soli inaning'inia, alikigeuzageuza, akakuna kidevu, akasema, "Hiki bado kinataka kutembea." Kesho yake unakikuta kimeshonwa, huoni hata sindano ilipopita.

Fundi aliolewa na mwashi mmoja mpole ambaye mke wake wa kwanza alikuwa amefariki. Mwashi huyo alikuwa na binti. Fundi alipoingia katika nyumba ile, mtoto alikuwa na miaka miwili. Sasa alikuwa na minne. Wote walimwita Chiriku. Watu walicheka jina hilo, maana chiriku ni ndege asiyenyamaza, na mtoto huyu maneno yake yalihesabika. Alisema "maji". Alisema "baba". Alisema "sitaki", na hilo alilisema vizuri sana.

Fundi alimpenda. Chiriku alipenda kukaa chini ya meza, akipanga vipande vya ngozi kwa rangi, vyeusi huku, vyekundu kule. Angeweza kupanga saa nzima bila kuchoka. Lakini mambo mengine yalikuwa kazi, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa asubuhi.

"Haya mwanangu, soksi," Fundi alisema.

Chiriku alivuta mguu.

"Soksi tu. Mwalimu anakungoja."

Soksi ikaingia. Kiatu kikaingia. Na papo hapo mtoto akalipuka. Alijitupa sakafuni. Alipiga mayowe. Alirusha mateke, akagonga kichwa chini, mara moja, mara mbili. Fundi alimwahi kwa kumwekea kiganja chini ya kichwa.

"Nini? Kinauma? Unataka biskuti? Nyamaza basi! Nyamaza, watu wanasikia!"

Kadiri alivyosema, ndivyo kilio kilivyopanda. Kilichukua dakika arobaini. Kilipokwisha, Chiriku alilala palepale sakafuni, jasho tupu, kama mtu aliyebeba mizigo sokoni kutwa.

Hayo yalitokea mara nne au tano kwa siku. Asubuhi kwa ajili ya viatu. Mchana, jirani mchomelea vyuma alipowasha mashine yake ya kukatia. Jioni, wakati wa kuoga. Siku moja Fundi alichoka. Alimpiga mtoto kofi mkononi. Chiriku akajiuma mkono uleule, meno yakaacha alama. Fundi alizitazama alama zile, moyo ukamchoma. Akajiambia, "Sitampiga tena." Na hakumpiga tena. Lakini hakujua afanye nini badala yake.

Majirani nao hawakukaa kimya.

"Mama wa kambo huyo," walinong'ona. "Mtoto halii hivyo bure."

Fundi alisikia. Aliinamia kiatu, akaendelea kushona.

Alasiri moja, Mwalimu wa chekechea alikuja karakana. Hakuwa na kiatu mkononi. Fundi alipomwona tu, roho ikamruka.

"Amemuuma mtu?" aliuliza.

"Amemuuma msaidizi wangu," Mwalimu alijibu. "Si sana. Kengele ililia, watoto wakapiga makofi, akazidiwa."

"Basi nimeelewa. Umekuja kuniambia nisimlete tena."

"Hapana," Mwalimu alisema, akavuta kile kiti kimoja cha mteja. "Nimekuja kukaa. Una dakika chache?"

Fundi aliweka sindano chini. Chiriku alikuwa chini ya meza na vipande vyake.

"Niambie ukweli, Mwalimu. Ni mtundu? Nimemdekeza? Au ni kwa sababu mimi si mama yake mzazi?"

"Subiri. Moja moja," Mwalimu alisema. "Watoto wote wadogo hulia na kugaagaa. Wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, hata wa minne. Ni kawaida. Lakini kuna kulia kwa aina mbili. Mtoto anayedeka anataka kitu. Analia huku anakuchungulia kama unamtazama. Ukimpa kitu chake, ananyamaza. Umewahi kuona?"

"Watoto wa dada yangu. Wote!" Fundi alisema, akacheka kidogo.

"Sasa, mtoto aliyezidiwa ni mwingine. Huyo kichwa chake kimejaa. Kelele, mwanga, nguo inayomwasha, uchovu, njaa. Vikikusanyika, vinamwagika. Hata umpe dunia nzima hanyamazi, kwa sababu hataki kitu. Hawezi tu. Chiriku, nikimtazama, mara nyingi hadeki. Anazidiwa."

Fundi aliinama, akamtazama mtoto chini ya meza. Kisha akasema, "Kwa hiyo nilipompiga nilimpiga mtu anayezama."

"Sasa unajua," Mwalimu alimjibu kwa upole. "Twende mbele. Akizidiwa, kwanza mwondolee kitu cha kuumiza. Zima kelele, au mtoe kwenye kelele. Kaa karibu naye, chini. Sema maneno machache, kwa sauti ya chini. 'Niko hapa.' Basi. Usimuulize maswali, usimhubirie. Akitaka kushikwa, mshike. Asipotaka, kaa tu. Akitulia, mpe maji, mwendelee na siku yenu."

"Nisimwambie kwamba amekosea?"

"Akiwa amezidiwa hasikii. Baadaye, akiwa na furaha, mfundishe neno moja au mawili. Na kitu kingine. Chukua daftari. Kila akilipuka, andika: saa ngapi, mlikuwa wapi, nini kilitangulia, alilala vizuri au vibaya, kilio kilichukua dakika ngapi. Wiki mbili tu. Wewe ni fundi. Huwezi kushona kabla hujajua ngozi imechanika wapi."

"Na hospitali?" Fundi aliuliza kwa sauti ndogo. "Nimewaza mara nyingi. Naogopa."

Mwalimu alisogeza kiti karibu. "Si kila mtoto anayelia hupelekwa hospitali. Lakini nitakueleza ninavyopima mimi. Vilio vikichukua karibu nusu saa au zaidi, tena mara kwa mara. Vikitokea mara nyingi kwa siku. Mtoto akijiumiza au akiumiza wengine. Nyumba na shule zikishindwa kuendelea. Maneno yakiwa machache kuliko ya watoto wa umri wake. Jambo moja peke yake huenda likapita. Yakiwa kadhaa, omba apimwe. Na mtoto akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, usisubiri hata wiki."

Fundi alihesabu kimoyomoyo. Vidole vya mkono mmoja vilikwisha.

Jioni hiyo alinunua daftari lenye jalada la kijani.

Sasa kazi ya Fundi ikaonekana. Alikuwa na viatu vya watu, chakula jikoni, na mtoto anayelipuka, na bado aliandika. Aliandika kwa penseli, herufi kubwa. "Jumatatu. Saa moja asubuhi. Soksi. Dakika 40." "Jumatatu. Saa saba. Mashine ya jirani. Dakika 25. Hakulala mchana." Wakati mwingine aliandika kwa mkono mmoja huku mwingine uko chini ya kichwa cha mtoto.

Baada ya wiki mbili alikaa na lile daftari, akaliona jambo. Vilio vingi vilianza kwa vitu viwili: viatu na kelele za ghafla. Na siku ambazo Chiriku hakulala mchana, kila kitu kilikuwa kibaya zaidi.

Alichukua viatu vya shule vya Chiriku, akaingiza kidole ndani. Akakutana na mshono mnene mbele, na ncha ya uzi ngumu kama mwiba. Alikuwa ameshona viatu miaka kumi na tano, na hakuwahi kuvigusa hivi kwa ndani, kama ngozi laini ya mtoto inavyovigusa. Akavifumua. Akaweka kitambaa laini kisicho na mshono, akavifunga upya. Soksi akazigeuza, mshono ukakaa nje.

Asubuhi iliyofuata alimwambia Chiriku, "Kwanza maji. Halafu kiatu. Halafu begi." Alikuwa amechora vitu hivyo vitatu kwa chaki kwenye ubao mdogo. Kikombe chake kilifanana na ndoo, lakini Chiriku alikielewa. Alikunywa maji. Akanyoosha mguu. Kiatu kikaingia. Akasimama. Akatembea hatua tatu, akajitazama miguuni kama mtu aliyepewa miguu mipya.

Fundi aligeukia ukutani ili mtoto asimwone akifuta machozi.

Halafu akaenda kwa mchomelea vyuma.

"Jirani, sikuombi uache kazi," alisema. "Nakuomba kabla ya kuwasha mashine, gonga ukuta mara tatu. Nitamtoa mtoto nyuma ya nyumba."

Mchomelea vyuma alivua miwani yake myeusi. "Ni hilo tu? Mbona hukusema siku zote hizi? Mimi nilidhani mnanichukia."

Tangu siku hiyo aligonga ukuta. Vilio vikapungua kutoka vitano hadi vitatu kwa siku. Fundi alifurahi, lakini hakujidanganya. Vilivyobaki vilikuwa virefu, na maneno ya Chiriku yalikuwa bado yaleyale machache.

"Baba Chiriku," alimwambia mumewe walipokuwa wanakula, "nataka tumpeleke mtoto akapimwe."

Mwashi aliweka kijiko chini. "Akapimwe nini? Mwanangu si mgonjwa wa akili."

"Sijasema hivyo."

"Wakishamwandika kitu, kitamfuata mpaka ukubwani. Atakua. Mimi mwenyewe nilichelewa kusema."

Fundi alitaka kujibu, lakini hapohapo Shangazi, dada mkubwa wa mwashi, aliingia bila hodi. Shangazi alikuwa mwanamke wa roho nzuri na mdomo usiofunga. Aliwakuta wanabishana, na kabla hajapokea salamu vizuri, bakuli likaanguka kwa kishindo. Chiriku akalipuka.

Fundi aliketi sakafuni karibu naye. Akasogeza kigoda kando, mtoto asijigonge. "Niko hapa," alisema mara moja, kisha akanyamaza.

Shangazi alitoa macho. "Ndiyo nini hiyo? Mtoto anajitupa hivi, wewe umekaa unamtazama kama sinema?"

"Nakuomba, wifi, tusiongee sasa."

"Tusiongee? Mtoto wa kaka yangu anapiga kichwa chini, na mimi nisiongee! Kumbe watu hawasemi uongo. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Hali ikiwa hii hii, nakuja kumchukua nimlee mwenyewe."

Mwashi aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ukimya wake ulimuumiza Fundi kuliko maneno ya wifi yake. Hata hivyo hakuondoka pale sakafuni mpaka mtoto alipotulia. Kisha akafungua daftari la kijani, akaandika: "Bakuli. Watu wanabishana. Dakika 30."

Jumamosi iliyofuata Fundi alikuwa na viatu vingi vya kumaliza. Mwashi akasema, "Nipe Chiriku. Naenda duka la vifaa vya ujenzi, nitarudi naye sasa hivi."

Hakurudi sasa hivi. Dukani, kijana mmoja aliwasha mashine ya kukata nondo bila kuangalia. Chiriku alipiga yowe, akajichomoa, akakimbilia barabarani. Baba yake alimdaka ukingoni mwa lami. Mtoto alimpiga, akamkwaruza uso.

Watu wakajaa.

"Huyu mtoto ni wako kweli?" mmoja aliuliza.

"Mbona anakukimbia?" akadakia mwingine.

"Mzee, tuonyeshe kitambulisho!"

Mwashi alifungua mdomo ajitetee. Kisha akakumbuka mkewe alivyokaa sakafuni. Akawapa watu kisogo. Akaketi chini, nyuma ya mifuko ya saruji, akavua koti lake, akamfunika mtoto kichwa na masikio. "Niko hapa," alisema. Akangoja. Watu walisema waliyosema, wakachoka, wakatawanyika mmoja mmoja. Yeye alibaki pale.

Alifika nyumbani mweupe kwa vumbi la saruji, mtoto amelala begani.

"Ilichukua muda gani?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Mwaka mzima." Akakaa kwenye kiti cha mteja. "Mara tano kwa siku," alisema. "Mara tano kwa siku ulikuwa unabeba hili peke yako, na mimi natoka asubuhi narudi jioni nauliza chakula."

"Ulimshika vizuri?"

"Nilikaa tu, kama wewe."

"Basi ulifanya sawasawa."

Siku ya pili yake, mwashi alikwenda kwa dada yake. Alirudi baada ya saa moja. Baadaye Fundi alijua walichozungumza, kwa sababu Shangazi mwenyewe aliusimulia mtaa wote, kwanza kwa hasira.

"Dada," mwashi alikuwa amesema, "mtoto anaye mama. Mama yake anampeleka hospitali. Mimi nashika begi."

Katika kliniki ya watoto walingoja sana. Fundi alikuwa amebeba vipande vya ngozi vya Chiriku, maji, na lile daftari. Daktari wa watoto alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi," Fundi alisema. "Nisamehe mwandiko."

"Mwandiko gani? Watu wengi hunijia wakisema tu, 'Analia sana.' Wewe umeniletea wiki sita za maisha ya huyu mtoto. Umenirahisishia kazi kwelikweli."

Mwashi alimtazama mkewe, akatanua kifua kama yeye ndiye aliyesifiwa.

Walipima masikio ya Chiriku kwa mashine ndogo. Daktari alicheza naye kwa vipande vya mbao. Aliwauliza wazazi maswali mengi: alianza kutembea lini, analala vipi, anakula nini, anaonyesha kitu kwa kidole, anacheza na wenzake. Mtaalamu wa usemi alikuja, akakaa chini na mtoto. Haya yote hayakumuuma Chiriku hata kidogo. Walirudi mara ya pili, kisha Daktari akawaita wakae.

"Masikio yake yanasikia vizuri," alisema. "Usemi wake umechelewa kwa umri wake. Na kelele na miguso anavihisi kwa nguvu kuliko sisi. Mtu asiye na maneno, na dunia inamkwaruza, atafanya nini? Atalipuka."

"Huo ni ugonjwa gani?" mwashi aliuliza.

"Leo simpi jina la hali yoyote. Tutamwona tena baada ya miezi sita, tuone anavyokua. Huenda tukapata jina, huenda tusipate. Lakini msaada hausubiri jina. Wiki ijayo anaanza kufundishwa usemi."

Mwashi alikohoa. "Daktari, watu wanasema ni malezi. Ya mama wa kambo."

"Watu wamekosea," Daktari alisema. "Hakuna malezi yaliyoleta hili. Na kama mnaniuliza mimi, malezi ya huyu mama ndiyo yaliyomfikisha mtoto hapa akiwa bado mdogo, wakati msaada unafaa zaidi."

Fundi alishusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia miaka miwili.

Kila Alhamisi walikwenda kwa mtaalamu wa usemi. Nyumbani walirudia maneno machache yenye kazi: "kelele", "nisaidie", "nje", "basi". Waliyasema wakati wa kucheza, si wakati wa kilio. Mwashi alijifunza kusema kabla: "Bado mara mbili, halafu tunaoga." Mwalimu alimhamishia Chiriku karibu na mlango, na alimwonyesha kengele kabla ya kuipiga. Baadaye alimpa aipige mwenyewe. Kelele ya mkono wake mwenyewe haikumtisha.

Si kwamba kila siku ilikuwa nzuri. Wiki moja Chiriku alipata mafua, vilio vikarudi kama zamani, na Fundi akalia naye. Wiki iliyofuata walianza tena. Baada ya miezi mitano, kilio kikubwa kilikuja mara moja au mbili kwa wiki, na kiliisha kabla maji hayajachemka jikoni. Majirani waliokuwa wakinong'ona sasa walianza kuja karakana, mmoja kuuliza kuhusu mjukuu, mwingine kuhusu mdogo wake. Fundi aliwapa kile kiti kimoja, akawaambia waanze na daftari.

Ndipo Shangazi alipoalika ukoo wote kwake kwa chakula cha mchana. Nyumba ilijaa. Radio ilikuwa inaimba, watu wanacheka, na jikoni mtu akawasha blenda.

Chiriku aliziba masikio. Uso ulikunjamana. Fundi aliweka kisu cha vitunguu chini. Mwashi alisimama nusu.

Mtoto alimvuta gauni mtu aliyekuwa karibu naye. Alikuwa Shangazi.

"Kelele," Chiriku alisema. "Shangazi. Nje."

Shangazi aliganda. "Amesemaje?"

"Umemsikia mwenyewe, wifi," Fundi alisema. "Mfuate."

Wakatoka, mkubwa akiongozwa kwa mkono na mdogo, wakaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Shangazi alifungua mdomo ili aseme kitu. Chiriku akamwekea kidole midomoni. Shangazi akaufunga.

Mume wa Shangazi alichungulia dirishani. "Miaka thelathini najaribu hilo," alinong'ona, na watu wakaziba vinywa wasicheke kwa sauti.

Pale nje, pumzi ya mtoto ilishuka polepole. Mabega yakalegea. Akaegemea ubavu wa Shangazi.

"Tuingie?" Shangazi aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.

Chiriku alifikiri.

"Bado," alisema.

Lilikuwa neno jipya. Shangazi alikunja gauni lake vizuri, akamkumbatia, wakaendelea kukaa.